Moshi wa Makumbi

Daktari Nyange aliuliza mara moja tu, na alipouliza Othman alikuwa amekaa kiti cha pili, amepakata mkoba wa mkewe.

"Unavuta sigara?"

"Hapana," alisema Mwatima.

Othman alicheka kama mtu aliyeulizwa iwapo mkewe ana ndevu. "Daktari, sisi watu wa Mtambile. Kwetu mwanamke akivuta sigara, hata mbuzi watajua."

Daktari hakucheka. Alikuwa mtu mrefu, msema polepole, na yaliyofuata alikwisha kuyasema kwa wagonjwa wengi. Upasuaji wa kupunguza tumbo huondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, na kinachobaki hushonwa kwa pini ndogo za chuma. Mshono hupona kwa damu inayoufikia. Nikotini hubana mishipa ya damu. Mshono usiopata damu huachia, tindikali humwagika tumboni, na mgonjwa anaweza kufa baada ya kuambiwa kwamba upasuaji ulikwenda vizuri. Kwa hiyo yeye hampasui mtu anayetumia tumbaku. Anayevuta hupewa dawa za kumsaidia kuacha, na nesi wa kuzungumza naye. Lakini hupima mkojo wa kila mtu, anayevuta na asiyevuta, kwa sababu watu husema uongo.

"Sikukusudii wewe," aliongeza. "Naongea na wote hivi hivi. Mtarudi baada ya wiki sita."

Mwatima alitia sahihi pale alipoonyeshwa. Dawa za kuacha zilikuwa kwenye kabati la kioo nyuma ya kichwa cha daktari, au yeye alidhani ndizo. Hakuweza kuziomba. Alikwisha kusema hapana.

Alikuwa na umri wa miaka arubaini na sita na uzito uliokaribia kilo mia na arubaini. Alikuwa na sukari, alikuwa na presha, na magoti yake yalikwisha kukataa ngazi. Lakini lililomtoa Pemba likamfikisha hospitali ya Dar es Salaam halikuwa hayo. Akilala alikoroma, kisha koromeo likaziba na pumzi ikasimama. Othman, ambaye alikuwa mwalimu wa skuli ya msingi na mtu wa usingizi mwepesi, alijifunza kuamka kwa kimya kile. Alikuwa akimtikisa bega na kuuliza, "Bi Mwatima, unapumua?" Naye alivuta hewa kwa kishindo na kujibu, "Napumua," mara nyingi bila ya kuamka. Daktari wa kwanza, wa hapa kisiwani, aliwaambia wazi kwamba itafika siku Othman hatoamka kwa wakati. Kaka yake Mwatima aliyeko Maskati aliposikia hayo alisema gharama zote juu yake, na akataka tarehe.

Sigara aliianza utotoni, kwao kisiwani Makoongwe, kwa kutumwa. Baba yake alikuwa mvuvi, na jioni akirudi alimpa mwanawe sigara akaiwashe jikoni. Sigara haiwaki kwa kuishika tu kwenye kaa; lazima ivutwe. Kila mtoto wa enzi zile aliyetumwa moto alilijua hilo. Wengi walikohoa wakaacha. Mwatima alikohoa siku za mwanzo, kisha akawa anachelewa jikoni.

Alipoolewa Mtambile alidhani ataacha, na alipozaa mtoto wake wa pekee, Mwatum, aliacha kweli kwa miaka miwili. Kisha Othman akamfungulia duka. Lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, kimefungwa wavu wa chuma upande wa barabarani, na kijidirisha cha kupitishia bidhaa. Aliuza sabuni, mchele, vocha, dawa za mbu, na sigara moja moja kwa wanaume. Mlango wa nyuma ulitoka uani, na uani palikuwa na jiko la makumbi. Makumbi ya nazi hayashiki moto mara moja; hutoa kwanza moshi mzito, mchungu, unaong'ang'ania nguo. Mwatima aliyachochea makumbi hata siku ambazo hapakuwa na cha kupika, akakaa juu ya kibao upande wa upepo, akavuta mbele ya jiko ili moshi ufiche moshi. Kisha alitafuna karafuu mbili. Miaka ilipita hivyo.

Haikuwa hofu ya bure. Binamu yake Mwanamize alipewa talaka kwa sababu ya sigara, au watu walisema ni kwa sababu hiyo, na kwa mwanamke wa kijijini yote mawili ni mamoja.

Waliporudi kutoka Dar, Mwatima aliacha siku ile ile. Aliacha kwa ukamilifu, na hilo ni jambo la kuandikwa kwa usahihi kwa sababu baadaye lilikuwa gumu kuaminika. Hakuvuta hata nusu. Pakiti zilikuwa rafu ya juu kushoto, karibu kiasi kwamba akinyoosha mkono hakuhitaji kusimama. Mlango wa duka ulikuwa mwembamba na yeye aliupita kwa ubavu, kwa hiyo akishaingia asubuhi hakutoka mpaka adhuhuri. Alikaa baina ya wavu na rafu. Mikono ilimtetemeka. Aliyasikia meno yake yakisagana. Na juu ya hayo alipewa mlo wa kupunguza mafuta ya ini: mboga, yai, samaki wa kuchemsha, bila ya wali, bila ya sukari. Njaa mbili zilimpanda pamoja na hakuweza kuitaja ila moja.

"Bi Mwatima, nipe moja," alisema Jecha, dereva wa gari ya shamba, mkono wake tayari umeingia kwenye kijidirisha.

Alimpa. Jecha aliiwasha pale pale, akaupuliza moshi ukapita kwenye wavu.

"Sogea huko!"

"Ah! Leo moshi wangu unanuka? Miaka yote hii nasimama hapa."

"Leo unanuka."

"Bibi wee, hiyo njaa inakupeleka pabaya. Mwalimu Othman akukatie hata kipande cha muhogo. Mtu mkubwa kama weye kushindishwa na mchicha, si dhuluma hiyo?"

"Jecha, toka mbele ya duka langu."

"Natoka. Lakini ukishakatwa tumbo, hiki kiti chako nakiomba. Nakigeuza kitanda."

Wanaume wawili waliokuwa wakicheza bao ng'ambo ya barabara walicheka. Mwatima alisubiri moshi wa Jecha utawanyike, na alipotambua kwamba alikuwa anauvuta kwa pua, aliziba pua kwa upindo wa mtandio.

Aliyeona ni mama mkwe wake. Bi Mwanakhamis alikaa chumba cha nyuma, dirisha lake likitazama uani, na kazi yake kubwa mchana ilikuwa kijaluba chake cha bati chenye majani ya tambuu, popoo, chokaa na tumbaku. Alikuwa mwembamba kama ufito na midomo yake ilikuwa myekundu daima.

"Unani weye?" alimuuliza Mwatima siku moja baada ya swala ya adhuhuri. "Mbona watetemeka?"

"Njaa, Mama."

"Njaa haitetemeshi vidole. Kaa hapa."

Alikunja jani, akapaka chokaa, akatia popoo na kiasi kidogo cha tumbaku, akalifunga kwa kidole gumba kama anavyofunga kwa kila mgeni aliyeingia nyumba ile. "Tafuna. Itakutoa hayo mate machungu."

Mwatima alitafuna. Baada ya muda mfupi vidole vilitulia. Alimtazama bikizee kwa shukurani ambayo hakuweza kuieleza.

Tangu hapo alitafuna kila siku, mara tatu, baadaye mara tano. Alikuwa mwanamke mwenye akili na aliyafikiri maneno ya daktari. Aliyakumbuka vizuri: tumbaku, nikotini, mishipa. Lakini tambuu kwa watu wa Pemba si tumbaku. Ni heshima. Huwekwa kwenye sinia ya harusi, hutolewa kwa kungwi, hupewa mgeni kabla ya kuulizwa alilolijia. Tumbaku iliyomo ndani yake ni kama chumvi iliyomo kwenye mchuzi. Hapana asemaye kwamba leo kala chumvi. Na hapakuwa na moto wala moshi. Mwatima alijihesabia kuwa mtu aliyeacha, na wiki ya sita ilipofika alipanda meli ya Mkoani akiwa na furaha ambayo hakuwahi kuwa nayo tangu aseme lile hapana. Uongo wake ulikuwa umegeuka kweli.

Kipimo kilikuwa kijiti cha karatasi. Daktari Nyange alikitazama, akakitia kwenye sahani, akavua glavu.

"Kuna nikotini," alisema.

Othman alikuwa kiti cha pili tena, mkoba mapajani. "Ya nani?"

"Ya mgonjwa."

"Mmechanganya. Daktari, mmechanganya mikojo."

"Tumepima mara mbili."

"Basi kipimo kibovu." Othman alisimama. Alikuwa mtu mpole ambaye wanafunzi wake walimwogopa kwa upole ule, na Mwatima hakupata kumsikia akipandisha sauti mbele ya mtu mwenye koti jeupe. "Mimi ni mume wa huyu miaka ishirini na minne. Nalala naye, nala naye. Wallahi mke wangu havuti, na hajapata kuvuta. Wallahi. Andika hivyo."

"Mwalimu, kaa. Kipimo hakimtuhumu mtu. Kinasema imo tu." Daktari alimgeukia Mwatima. "Unavuta?"

"Sivuti," alisema Mwatima, na ilikuwa kweli.

"Unatafuna kitu? Ugoro? Tambuu?"

"Tambuu," alisema. "Ya mama mkwe."

Othman aliketi kwa uzito, kisha akaanza kucheka, akajifuta macho kwa kiganja. "Tambuu! Subhanallah. Mama atatuua kwa ukarimu."

Daktari aliwaeleza kwamba mwili haujui njia nikotini iliyoingilia. Wiki sita nyingine, bila ya tambuu. Kisha alichukua kalamu na kumtazama Mwatima peke yake.

"Swali la mwisho, na hili si la mshono, ni la dawa ya usingizi. Umepata kuvuta sigara wakati wowote wa maisha yako? Mtu mwenye tatizo lako la pumzi, mapafu yake yakiwa ya mvutaji, sisi hufanya mambo mengine. Tunapima mapafu kwanza. Tunabadilisha dawa. Tunamweka kwenye mashine baada ya upasuaji. Ukiniambia hapana, daktari wa usingizi atafanya kazi kwa hapana hiyo."

Mwatima alifikiri kumwomba Othman atoke. Lilikuwa jambo jepesi. Mwanamke anaweza kuwa na haja ya kusema na daktari. Lakini daktari alikwisha kuuliza swali, na mwanamke anayemtoa mumewe baada ya swali amekwisha kulijibu. Laiti angelimtoa kabla. Na Othman alikwisha kuapa. Viapo viwili vilikuwa vimesimama baina yake na mlango, na vilikuwa vya mtu asiyeapa ovyo.

"Hapana," alisema.

Daktari aliandika.

Nyumbani, Othman alifanya alilodhani ni wajibu. Alimsalimia mama yake, akambusu mkono, akamweleza habari ya mkojo kwa maneno ya adabu, kisha akakichukua kijaluba.

"Hwendi nacho," alisema Bi Mwanakhamis.

"Mama, ni wiki sita. Akikiona atatamani. Daktari kasema kisiwemo ndani ya nyumba."

"Daktari kamjuaje mamako? Nimetafuna tangu kabla ya Mapinduzi. Serikali zote zimepita zimenikuta natafuna."

"Ni kwa ajili ya roho ya mkwe wako."

Bikizee alimtazama Mwatima, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akaachia kijaluba. "Haya. Kama ni kwa ajili yake."

Othman alikipeleka kwa jirani. Sasa Mwatima alikuwa ameacha mara ya pili, na mara hii bila ya kitu cha kushikilia. Lakini lililomsumbua zaidi lilikuwa chumba cha nyuma. Bi Mwanakhamis aliacha kula. Alilalamika kichwa, akatukana kuku, akapitiwa na usingizi wakati wa swala na kuwa macho wakati wa kulala. Vidole vyake vilitetemeka juu ya tasbihi. Othman alisema ni uzee. Mwatima aliijua kila dalili kwa jina lake, na hapakuwa na mtu ambaye yeye angeweza kumwambia kwamba anaijua.

Alasiri moja, Othman akiwa bado skuli, bikizee alikuja uani akiburuta malapa miguuni. Mwatima alikuwa amewasha makumbi kwa ajili ya samaki.

"Nipe sigara," alisema Bi Mwanakhamis.

"Mama?"

"Unazo dukani. Nipe moja. Kama haitafuniki nitaivuta, shetani ni yule yule."

"Mama, wewe huvuti."

"Miye sivuti. Weye ndiye uliyekuwa ukivuta." Aliketi kwenye kibao cha Mwatima, upande wa upepo, pale pale. "Dirisha langu lile. Moshi wa makumbi naujua na moshi wa sigara naujua. Mume wangu alivuta mpaka alipozikwa. Ulidhani bikizee huyu hana pua?"

Samaki alianza kuungua upande mmoja.

"Geuza samaki," alisema bikizee. "Sikukusema kwa mwanangu na sitokusema. Mwanamke ana lake. Nilikupa tambuu kwa sababu niliona unaacha, na nilifurahi. Lakini sasa nimenyang'anywa kijaluba changu kwa ajili yako, na kichwa kinaniuma, na nataka sigara."

Hakuna lililokuwa rahisi katika hilo. Akimnyima, alikuwa anamnyima mtu aliyemtunzia siri na aliyekuwa akiteseka kwa sababu yake. Akimpa, moshi ungekuwepo. Mwatima alipita mlango wa duka kwa ubavu, akanyoosha mkono rafu ya juu kushoto, akarudi na moja. Aliiweka kwenye kiganja cha bikizee na kurudi hatua mbili.

"Inawashwaje hii?"

"Weka kwenye kaa, kisha vuta."

"Nivute? Haiwaki yenyewe?"

"Haiwaki yenyewe, Mama."

Bi Mwanakhamis alivuta, akakohoa mpaka mtandio ukamtoka kichwani, akashikilia tumbo, na katikati ya kikohozi akaanza kucheka. "Na hii," alisema akipumua kwa shida, "ndiyo uliyohatarishia ndoa? Bora ungeiba mbuzi!" Mwatima alicheka pia, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na kwa sababu walikuwa wanacheka hawakusikia mlango wa mbele.

Othman alisimama kwenye kizingiti cha uani na madaftari ya wanafunzi kwapani. Alimwona mama yake, sigara, na mkewe.

"Ni yangu," alisema Bi Mwanakhamis upesi.

Othman aliweka madaftari chini. Uso wake ulipita mshangao, ukapita aibu, kisha, na hili ndilo Mwatima hakulitarajia, ukafunguka kama uso wa mtu aliyepata jawabu la hesabu.

"Tangu lini, Mama?"

"Ah, tangu..."

"Kumbe ndiyo hii! Bi Mwatima, umeona? Anavuta hapa, wewe unapika hapa, moshi unakuingia. Ndiyo nikotini ile. Si tambuu peke yake." Alikuwa anaongea kwa haraka, karibu kwa furaha. "Na wewe umemstahi, hukutaka kumsema mama yangu kwa daktari. Ukakubali lawama. Nampigia Daktari Nyange sasa hivi nimwambie. Nilimwapia kweli. Niliapa kweli!"

Alikwisha kutoa simu. Mwatima alimtazama akitafuta namba. Kila Othman alipomtetea, ukuta uliongezeka tofali, na tofali hili lilikuwa mama yake mwenyewe, bikizee wa miaka zaidi ya sabini ambaye angeandikwa katika kichwa cha mwanawe kuwa mvuta sigara na mwuaji wa mkwe. Naye Bi Mwanakhamis alikuwa ameinamisha macho na hakukanusha. Angeibeba lawama ile. Hilo lilionekana wazi. Kisha Mwatima angekwenda Dar na mkojo safi na hapana yake, angelazwa, na daktari wa usingizi asiyemjua angemwekea dawa ya mtu asiyepata kuvuta.

"Baba Mwatum," alisema. "Si Mama."

Othman alikuwa na simu sikioni. Aliishusha.

"Si yeye. Leo ndiyo mara yake ya kwanza, hata kuwasha hajui. Ni mimi. Tangu Makoongwe, tangu mtoto. Nimeacha siku tuliyorudi Dar na sijarudia, hiyo ni kweli. Lakini kabla ya hapo ni mimi."

Simu ikapokelewa. Sauti ndogo ya Daktari Nyange ilisema "Haloo?" mara mbili kutoka kwenye kiganja cha Othman.

"Hapa," alisema Othman, "hapa nyuma?"

"Hapa."

"Na mimi ndani?"

"Na wewe ndani."

"Haloo?" ilisema simu.

Othman alimpa. Hakuitupa; aliiweka mkononi mwake kama anavyompa mwanafunzi chaki aende ubaoni. Mwatima alisema na daktari akiwa amesimama, mumewe na mama mkwe wake wakisikia. Alisema umri alioanza na kiasi alichokuwa akivuta. Daktari hakumgombeza. Aliuliza kuhusu kikohozi cha asubuhi, akauliza kuhusu makohozi, akasema upasuaji haufutwi ila utasogezwa. Atapimwa mapafu kwanza, na yakionyesha kasoro atatibiwa, na tarehe itategemea hayo. "Ahsante kwa kunipigia," alisema. Mwatima hakumweleza kwamba si yeye aliyepiga.

Othman aliokota madaftari yake. "Niliapa," alisema.

"Uliapa usilolijua. Hapana dhambi."

"Niliapa kwa sababu yako, na uliniacha niape."

Mwatima aliinama, akamwepua samaki aliyeungua.

Shehe wa msikiti alimwambia Othman kwamba mtu aliyeapa akidhani anasema kweli hana kafara juu yake. Othman alimshukuru, na hata hivyo akafunga siku tatu za kafara. Kwa siku hizo tatu nyumba ile ilikuwa na watu watatu wenye njaa tatu mbalimbali, na mazungumzo yao yalikuwa ya chumvi, maji na mlango. Hakutaja talaka. Hakutaja msamaha. Siku ya nne alikwenda kwa jirani, akarudi na kijaluba, akamkabidhi mama yake kwa mikono miwili kwa sharti kwamba atafunie mwisho wa baraza, na asimpe mtu.

"Hata mgeni?"

"Hata mgeni, Mama."

"Watasema nimekuwa bahili," alisema Bi Mwanakhamis, na akakunja jani bila ya kungoja jibu.

Mwatima alisubiri aziondoe sigara dukani. Alikuwa na hakika ataziondoa; angekuwa yeye, angeziondoa. Pakiti zilibaki rafu ya juu kushoto. Badala yake Othman alileta benchi, akaliweka nje ya wavu, na kila alasiri akitoka skuli alikaa pale akisahihisha madaftari, mgongo wake ukigusa chuma. Watu walidhani anamlinda mkewe na wateja wenye mzaha. Mwatima hakujua anamlinda na nini. Alikuwa ndani, rafu mkono wa kushoto, wavu mbele, na sasa mgongo wa mtu nyuma ya wavu, na mlango ulikuwa mwembamba vile vile. Alikwisha kupimwa mapafu, na majibu yalikuwa bado hayajaja.

Jecha alikuja akasimama, akamtazama Othman, akaona haya bila ya kujua kwa nini.

"Moja, Bi Mwatima."

Alimpa. Vidole vyake vilibaki hewani muda mfupi baada ya sigara kuondoka.

"Kavutie mbali," alisema Othman bila ya kuinua kichwa.

Jecha akaenda. Barabara ikawa tupu. Mwatima aliirudisha pakiti mahali pake, akaufunga mkono wake kwa mkono wa pili juu ya mapaja, na akakaa hivyo, amebana pumzi, akingoja hamu ipite. Nje kalamu nyekundu ilikuwa ikikwaruza. Ikasita.

"Bi Mwatima," alisema Othman, akiwa bado amempa mgongo. "Unapumua?"

Aliivuta hewa.

"Napumua."

Kalamu ikaendelea.